Usisubiri Mambo Yaharibike: Maswali ya Wazazi wa Tanga Kuhusu Ustawi wa Jamii

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wazazi na walezi wanapokaa kwenye vikao vya mitaa, kuanzia Ngamiani hadi Chongoleani. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara na utaratibu wa halmashauri, kwa hiyo hata aliyeko Muheza, Mkinga au Pangani yatamfaa. Si lazima uanze juu. Tafuta swali lako, na ukielekezwa kwenye swali jingine, lifuate.

## Mambo ya mwanzo

1. Ustawi wa jamii ni akina nani, na wanapatikana wapi?

Ni watumishi wa halmashauri wanaoshughulikia familia, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Ofisi yao iko Halmashauri ya Jiji, na baadhi ya kata zina afisa wake. Hospitalini pia wapo, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Wanafanya kazi na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za mitaa na kata, ambazo watu wengi wanaziita kamati za MTAKUWWA, kwa jina la mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Usiwachanganye na Dawati la Jinsia na Watoto. Dawati ni la polisi na linashughulika na makosa ya jinai. Ustawi wanaanza na familia yenyewe: nani anamlea mtoto, nini kimekwama, na nani katika ukoo anaweza kushika upande gani.

2. Nikienda kuomba msaada, watanichukulia mtoto wangu?

Hapana. Tunaomba jibu hili ulisome hadi mwisho, kwa sababu woga huu ndio unaowaumiza watoto wengi kuliko njaa yenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Sheria hiyohiyo inaibebesha halmashauri jukumu la kulinda watoto wa eneo lake, na inaitaka itoe ushauri nasaha kwa wazazi, walezi, ndugu na watoto ili magomvi yamalizike kwa maelewano. Umaskini peke yake si kosa. Hakuna afisa mwenye mamlaka ya kukunyang'anya mtoto kwa kuwa mnalala chumba kimoja, au kwa kuwa jana mlikula mlo mmoja. Mtoto huondolewa nyumbani pale tu panapokuwa na hatari kwake, na hata hapo jambo huishia mbele ya hakimu (tazama swali la 18).

Hofu hii tumeipalilia wenyewe. Mtoto akikataa kula anatishiwa ustawi kama zamani alivyotishiwa mumiani, na mke na mume wakigombana kila mmoja anaapa kumpeleka mwenzake ustawi. Matokeo yake mama mwenye shida ndogo anajificha, anakuja kuonekana mwaka mmoja baadaye: kodi imeshamshinda, kijana ameshaacha shule, na mambo ambayo yangemalizwa kwa vikao viwili yanahitaji mahakama.

3. Lazima nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa?

Kwa mambo ya kawaida, barua ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa husaidia kwa sababu inaonyesha unaishi wapi na unafahamika. Lakini si sharti. Ikiwa mwenyekiti ni ndugu wa unayemlalamikia, au unahofu habari zitazagaa barazani kabla ya magharibi, nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi. Jambo la ukatili halihitaji barua ya mtu yeyote.

4. Huduma inalipiwa? Niende na nini?

Hailipiwi. Chukua ulichonacho: kitambulisho, cheti au kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi za shule au hospitali, meseji za simu kama zinahusika. Ukikosa vyote, nenda hivyohivyo. Akitokea mtu akakudai "hela ya fomu" au "hela ya mafuta", tazama swali la 21.

5. Mtoto ni wa umri gani?

Kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ameshazaa, ameacha shule au anajitafutia mwenyewe.

## Chakula, shule na hospitali

6. Nyumbani kwetu hakuna ugomvi, tatizo ni hali ngumu tu. Ustawi wanatoa hela?

Tusidanganyane: ofisi ya ustawi haina sanduku la kugawa fedha kila mwezi. Wanachokupa ni tathmini ya familia yako na mlango wa kuingilia mahali penye msaada, na mlango wenyewe ni zaidi ya mmoja.

Wa kwanza ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, kisha hudodoswa na kuandikishwa. Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake inategemea watoto: wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Uandikishaji haufanyiki kila siku, hivyo jina lako lisipotokea usikae kimya. Mwambie afisa ustawi aandike hali yako, na upeleke malalamiko kwa mtendaji wa mtaa. Na mkutano wa hadhara ukiitwa, nenda! Wengi wanaolalamika baada ya majina kubandikwa hawakuhudhuria mkutano huo.

Wa pili ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Inafaa kwa mama mwenye biashara inayotembea, kama ya samaki wa kukaanga, maandazi au ushonaji. Kwa aliyelala na njaa leo haifai; mkopo ni deni, na kumkopesha aliyezama ni kumzamisha zaidi. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo ukisikia mtu anasema imefutwa, habari zake ni za zamani.

Milango mingine ni midogo lakini ni ya haraka: msamaha wa matibabu (swali la 8), mazungumzo na mwalimu mkuu (swali la 7), na matunzo kutoka kwa baba wa mtoto (swali la 10). Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na mara nyingi ndilo lenye fedha halisi.

7. Mwanangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikaongezwa. Michango ya hiari inayokubaliwa na wazazi inaruhusiwa, lakini mwanafunzi hapaswi kufukuzwa darasani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Anza kwa mwalimu mkuu, kwa utulivu. Ikishindikana nenda kwa afisa elimu kata. Sare na madaftari ni shida ya kweli ambayo kufutwa kwa ada hakukuiondoa. Mweleze afisa ustawi, maana kuna wakati kamati, msikiti, kanisa au wafadhili wanakuwa na sare, nao huuliza nani mwenye uhitaji.

8. Sina bima na mtoto anaumwa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, sera ya afya inataka apate huduma katika vituo vya serikali bila malipo. Kwa mkubwa zaidi, kaya isiyojiweza inaweza kupata msamaha: mtendaji wa mtaa anaandika barua, ustawi wa jamii wa hospitali anaithibitisha. Ukiwa tayari umelazwa na mtoto, mwombe muuguzi akuitie ustawi wa hospitali kabla bili haijawa kubwa. Watu huenda kwa ustawi siku ya kuruhusiwa, wakati deni limeshaandikwa.

9. Hana cheti cha kuzaliwa, na baba yake hajulikani alipo.

Cheti hakimsubiri baba. Mama anaweza kumsajili mtoto peke yake RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama hamkufunga ndoa, jina la baba haliandikwi bila ridhaa yake, lakini cheti kinatoka na mtoto anakuwa na haki zote. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Muda ukipita bado inawezekana, ila utahitaji ushahidi zaidi, kama tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo au karatasi za shule.

## Baba, mama na matunzo

10. Baba wa mtoto hatoi matunzo. Nifanyeje?

Andikisha shauri ustawi. Afisa humwita baba kwa barua ya wito, mnakaa mezani, mnakubaliana kiasi na namna ya kulipa, mnaweka sahihi. Sisi tunashauri malipo yapite kwenye simu na si mkononi, ili kumbukumbu ibaki. Asipokuja, au akikubali kisha akaacha, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto kwa ajili ya amri ya matunzo. Maombi yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Usiahirishe ukisema "nitamvumilia tu", kwa kuwa kadiri miaka inavyopita ndivyo ushahidi unavyokuwa mgumu.

Kiasi hakijapangwa. Zamani, chini ya sheria iliyofutwa mwaka 2009, baba wa mtoto wa nje ya ndoa alidaiwa shilingi 100 kwa mwezi, na wapo wanaume wenye mvi ambao bado wanaamini ndiyo sheria. Siku hizi hutazamwa kipato cha pande zote mbili, mahitaji ya mtoto na gharama za maisha za mahali mnapoishi. Wajibu ni chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza. Baba anayeleta gunia la mchele mara moja kwa mwaka, wakati wa Idi, hajatimiza hilo.

Na kama ni mvuvi, na kipato chake kinapanda na kushuka? Hili ni swali la pwani, na afisa mzuri wa Tanga analijua. Mwanaume anapokwenda dago (kambi ya wavuvi ya mbali) anaweza kukaa miezi bila kurudi, na upepo wa kusi ukichachamaa hakuna anayepata kitu. Makubaliano yanaweza kuandikwa kwa kufuata msimu: kiasi kikubwa wakati wa samaki, kidogo wakati wa upepo, na fedha ya mahitaji ya shule iwekwe akiba mapema. Kinachokataliwa ni "nikipata nitatoa". Sentensi hiyo isiingie kwenye karatasi mnayotia sahihi.

11. Anamkana mtoto, anasema si wake.

Kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu binafsi haendi tu akapimwa, ombi hupitia kwa waliotajwa na sheria, wakiwamo mahakama, afisa ustawi wa jamii na wakili. Kipimo kina gharama, na mara nyingi neno "tukapime" linatosha kumrudisha mkanaji mezani. Lakini usilitumie kama tishio ikiwa nawe huna uhakika. Majibu hayana huruma kwa upande wowote, na anayeumia zaidi ni mtoto.

12. Tumeachana. Mtoto abaki na nani?

Talaka ya shehe au kikao cha wazee havimalizi suala la mtoto. Mkiafikiana, ustawi wanaweza kuandika makubaliano ya malezi na siku za kumwona mtoto. Msipoafikiana, mahakama itaamua kwa kutazama maslahi ya mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Mtoto mkubwa kidogo husikilizwa naye anataka nini.

Dhana kwamba mtoto wa kiume akifika umri fulani "anarudi kwa wenyewe" bila kujali huko kwa wenyewe kukoje, haina nguvu mbele ya hakimu. Na tabia ya kumzuia mtoto asimwone baba yake kwa sababu hajatoa hela haifai: matunzo na kuonana ni mambo mawili, kila moja lina njia yake.

## Malezi yanapokuwa magumu

13. Kumchapa mtoto ni kosa?

Sheria haijafuta kumrudi mtoto, lakini inakataza adhabu ya kikatili, ya kumdhalilisha, au isiyolingana na umri na hali yake. Waya, mpini wa jembe, kumchoma mkono kwa kijiko kwa kuwa ameiba sukari, kumnyima chakula, kumfungia nje usiku: hayo yote ni kosa, awe ameyafanya mzazi, mwalimu wa shule au ustadhi wa madrasa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Jeraha likiwa kubwa, mashtaka ya jinai yanaweza kuwa mazito zaidi.

Ukijiona unakaribia kumuumiza, toka nje, mwache kwa jirani, kisha njoo uzungumze na afisa. Mzazi anayekuja mwenyewe hupokewa tofauti kabisa na anayeletwa.

14. Kijana wangu hataki shule, anashinda soko la samaki Deep Sea.

Kwanza ujue anafuata nini. Wapo wanaofuata mia tano ya kubeba ndoo kwa sababu nyumbani hakuna kitu, wapo wanaokimbia kipigo, wapo walioshindwa kusoma darasani wakachekwa. Kila mmoja ana dawa yake, na fimbo si dawa ya hata mmoja. Afisa ustawi anaweza kukaa naye peke yake, kisha na wewe, kisha na mwalimu.

Kisheria mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyoharibu masomo, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mwenye chombo anayempakia mtoto kwenda naye kuvua usiku anavunja sheria, hata kama baba amekubali.

15. Binti yangu amepata mimba akiwa shuleni. Ndiyo mwisho?

Sivyo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu arudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua, ndani ya miaka miwili. Mruhusu anyonyeshe, panga nani atabaki na mtoto, kisha nenda shule na ustawi mkapange tarehe.

Aliyempa mimba ni jambo jingine. Kumpa mimba mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, na kumwoza mwanafunzi ili kuficha aibu kunawafanya wanaohusika na ndoa hiyo kuwa wakosaji pia. Mahari hayafuti kosa.

16. Mimi ni bibi, nalea wajukuu. Nahitaji karatasi yoyote?

Kulea hakuhitaji ruhusa. Ukoo umelea tangu zamani na sheria inautambua. Karatasi inahitajika unapokwama: kuandikisha shule, kusaini upasuaji, kudai mirathi ya watoto. Afisa ustawi anaweza kuandika barua ya kukutambua kama mlezi, na ikibidi mahakama ikatoa amri. Wazazi wakiwa hai, bado wanadaiwa matunzo (swali la 10).

## Usalama unapovunjika

17. Mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono na ndugu. Wazee wanataka tumalize nyumbani.

Hapana. Kosa hili halina suluhu ya kifamilia, wala ya kikao cha mtaa, wala ya ng'ombe au shilingi. Na tuseme wazi: wazee wanaosema "tusianike aibu" wanalinda jina la ukoo kwa gharama ya mwili wa mtoto.

Mpeleke hospitali leo, si kesho. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri mapema ndivyo bora. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa, zifunge kwenye khanga au karatasi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya polisi, PF3, inatolewa na polisi na inahitajika kwa kesi, lakini mtoto mwenye hali mbaya atibiwe kwanza. Kituo cha huduma za mkono kwa mkono, palipo nacho, kinakuunganisha na daktari, polisi na ustawi mahali pamoja. Usimhoji mtoto mara kumi. Msikilize mara moja, mwambie si kosa lake, waachie wenye taaluma.

Kama mkosaji anaishi nyumba moja naye, swali ni nani aondoke, na kwa maoni yetu si mtoto. Mweleze afisa mapema iwapo nyumba au mkate wa familia uko mikononi mwa mtuhumiwa, ili hilo lipangwe kabla hujalazimika kurudi nyuma.

Nimeona kwa jirani, nifanyeje? Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kama unaogopa kuonekana, piga 116, namba ya simu ya kumsaidia mtoto. Ni bure, saa 24, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

18. Basi ni lini mtoto huondolewa nyumbani?

Pale uchunguzi unapoonyesha kwamba akilala hapo yuko hatarini. Kwanza hutafutwa ndugu: shangazi, mama mdogo, babu. Akikosekana, familia ya kuaminika iliyokwisha kuchunguzwa. Makao ya watoto ni hatua ya mwisho. Mwenye makao anayepita mitaani kuomba watoto "akawasomeshe" umtilie shaka, na umuulize leseni yake.

Hakimu anaweza kutoa amri ya usimamizi, ambapo mtoto anabaki kwako na afisa anakuja kukagua, kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Anaweza pia kutoa amri ya uangalizi, ambapo mtoto anakaa kwingine, isiyozidi miaka 3 au hadi atimize 18, chochote kitakachotangulia. Una haki ya kusikilizwa na kuomba amri ibadilishwe. Uliza siku hiyohiyo, na uandikiwe: nifanye nini ili arudi? Mzazi asiyeuliza hubaki akikisia.

## Maswali ya pembeni

19. Baba yuko Pemba, au Mombasa.

Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011 na maofisa wake. Anza Tanga, ofisi yako iandikie ofisi ya huko. Usipande boti na mtoto mgongoni kwenda kugombana na watu usiowajua. Aliyevuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya ni mgumu zaidi, lakini akiwa na nyumba, chombo au mshahara upande huu, mahakama ina pa kushika. Taja mali hizo mapema.

20. Kwangu kuna dada wa kazi kutoka Lushoto, ana miaka 13.

Huyo ni mtoto, na kumwajiri ni kosa. Hata hivyo usimpakie basi kesho asubuhi akashushwa Lushoto peke yake. Mlipe haki yake, wasiliana na ustawi, nao watawasiliana na halmashauri ya kwao ili apokewe na ndugu na arudi shule. Kama aliletwa na dalali anayekusanya wasichana vijijini, waambie polisi: hiyo inaweza kuwa biashara haramu ya binadamu.

21. Afisa amenizungusha, au amenidai hela.

Andika tarehe, jina au cheo, na ulichoambiwa. Peleka malalamiko kwa mkuu wa kitengo cha ustawi, kisha kwa Mkurugenzi wa Jiji kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Diwani wako pia ana sauti kwenye vikao vya halmashauri. Hongo ni kazi ya TAKUKURU. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watakuandikia barua hizo bila malipo. Na wakati unafuatilia malalamiko, shauri la mtoto lisisimame: omba lihamishiwe kwa afisa mwingine.